Je, ni kweli Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba?

Swali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana, na tangu hapo upande wake wa kulia umepooza na maneno yake hayaeleweki. Duka tulilolitegemea limefungwa kwa sababu mtaji wote uliishia kwenye matibabu. Mimi ndiye ninayemgeuza usiku, ninayemwogesha na ninayetafuta ada ya watoto. Watu wa kanisani wanapokuja kututazama huniambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Najua wananipenda, lakini neno hilo huniachia hofu, kwa maana mzigo huu umenishinda, na kama kweli Mungu aliupima kulingana na nguvu zangu, basi kasoro iko katika imani yangu. Siku hizi nikipiga magoti sipati hata neno la kusema. Mtu aliyeishiwa nguvu kiasi hiki anamtegemeaje Mungu?

Jibu la kwanza

Pole sana, dada yetu. Shikilia ahadi ya 1 Wakorintho 10:13, kwamba Mungu ni mwaminifu na hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo. Usikate tamaa, endelea kuomba, naye atakufanyia mlango wa kutokea.

Jibu la pili

Ndugu aliyetangulia ameandika kwa upendo, na ahadi aliyoitaja ni ya kweli, ila naomba tuisome mahali ilipo. Sura hiyo inaanza na Waisraeli jangwani, walioabudu sanamu, wakazini na kunung'unika, na mara tu baada ya ahadi hiyo Paulo anawaagiza wasomaji wake waikimbie ibada ya sanamu. Alikuwa akiwahakikishia Wakorintho, walioishi katikati ya mahekalu na karamu za miungu, kwamba hakuna kishawishi cha dhambi kinachomlazimisha mwamini aanguke. Hakuwa akimpimia uwezo mwanamke anayemuuguza mume aliyepooza.

Anapoieleza dhiki yake mwenyewe kwa watu wale wale, katika 2 Wakorintho 1:8, Paulo anasema waziwazi: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Huyu ni mtume, naye hajilaumu popote kwa upungufu wa imani. Mstari wa 9 unaeleza kwamba hayo yaliwapata ili wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Kwa hiyo, dada, kuishiwa nguvu hakuthibitishi kwamba umeacha kumtegemea Mungu. Paulo alijifunza kumtegemea hapo hapo zilipomwishia.

Tazama pia Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikaa chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe, na malaika aliyemjia hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, na mara ya pili akamwambia ale, "maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mjumbe wa Mungu mwenyewe alikiri kwamba safari ilimzidi mtu yule. Naye Musa, katika Hesabu 11, alipolia kwamba hawezi kuwachukua watu wote peke yake, Mungu hakumjibu kwamba anaweza, bali alimwagiza awakusanye wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Nionavyo mimi, hapa ndipo sisi makanisani tunapowakosea wanaoteseka: tunawapelekea mstari wa Biblia pale ambapo Mungu alipeleka mkate na watu 70.

Jibu la tatu

Nakubaliana na jibu lililotangulia, nami naandika kama mzee wa kanisa ambaye amehudhuria misiba mingi. Neno "awafufuaye wafu" hunikumbusha Uganda, Februari 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, penye kanisa kuu jijini Kampala, lakini serikali haikuutoa mwili, ukazikwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa nchi. Hata hivyo waamini walikusanyika kanisani Namirembe, ingawa kulikuwa na hatari ya wazi, wakaabudu kaburi likiwa tupu. Hawakuwa na uwezo wowote wa kubadili lililotokea, na tumaini lao halikuwa katika uwezo huo.

Sasa kwako, dada. Katika 2 Wakorintho 1:11 Paulo anawaomba Wakorintho wamsaidie kwa maombi, kwa hiyo siku usizoweza kuomba, maombi ya wengine kwa ajili yako ni sehemu halali ya kumtegemea Mungu. Lakini usiishie kuomba uombewe. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya yako mahitaji yako kwa kuyataja: kwamba unahitaji mtu wa kukesha na mgonjwa usiku kadhaa kwa juma ili ulale, kijana mwenye nguvu wa kusaidia kumwinua na kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo, na mchango wa ada. Watu wengi husema "tupo pamoja nawe" na kuondoka kwa sababu hakuna aliyewaambia kazi ilipo.

Mwuliza swali

Mungu awabariki. Nitakwenda kwa mwenyekiti kesho. Naomba kuuliza jambo moja zaidi: je, ni dhambi kumwambia Mungu kwamba nimechoka, na kwamba wakati mwingine namkasirikia?

Jibu la tatu

Si dhambi, mwanangu. Soma Zaburi ya 88. Inaanza kwa kumwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu", kisha inalalamika hadi neno la mwisho, ambalo ni giza, wala haiishii kwa shukrani kama zinavyofanya zaburi nyingine nyingi za maombolezo. Lakini Israeli waliiweka katika nyimbo zao za ibada, kwa sababu aliyelalamika aliyapeleka malalamiko yake kwa Mungu mwenyewe. Ukikosa maneno usiku, isome kwa sauti iwe ndiyo sala yako. Na kama hutajali, nitumie jina la mume wako kwa ujumbe wa faragha, ili tumtaje kwenye ibada yetu ya maombi ya Jumatano.