Wenye baiskeli zetu Tanga: hatua gani ya mbio ilikutoa kitini? Tupeane uzoefu

Fundi wa Barabara ya Nane

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa walionizidi umri. Hapa Tanga baiskeli ni kama ndala, kila nyumba ipo, na kwako ikikosekana unaazima ya jirani. Lakini sema umeshinda unaangalia mbio za baiskeli, watu watakutazama kama umesema umeangalia mashindano ya kufua. Najua humu mpo mnaoangalia kimyakimya. Tiririkeni: siku gani, ulikuwa wapi, kilitokea nini. Naanza mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, hatua ya tatu, yaani siku ya tatu, ya Tour de France, zile mbio za wiki tatu za kuzunguka Ufaransa. Mwaka ule mbio zilianzia Italia, na siku hiyo walikuwa wanamalizia Turin. Kilomita 230, njia karibu yote tambarare, hatua ya kusinzia mpaka dakika tano za mwisho. Mie nipo kibandani Ngamiani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la grisi, mkononi nina rimu ya Phoenix ya mzee mmoja. Imepinda vibaya. Wanaojua kunyoosha rimu wanajua: unaizungusha polepole, ukucha unasubiri pale itakapogusa, unakaza spoku ya huku, unalegeza ya kule, robo, robo tena. Mzee yupo kwenye kigoda anasubiri. Akachungulia simu, akauliza, "Hao wanakimbizwa na nani?"

Zimebaki kilomita mbili na kitu, watu wakaanguka, kundi likakatika. Na hapo hapo kale kaduara kakaanza kuzunguka. Bando limekata! Nikampigia kelele kijana wa duka la jirani anirushie la mia tano, spana ingali mdomoni. Picha inarudi, wameshavuka mstari. Namwona Biniam Girmay, mtoto wa Asmara, Eritrea, wenzake wanamkumbatia. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour tangu mbio zianze mwaka 1903, na mie nimezikosa sekunde zenyewe kwa ajili ya bando. Nikapiga ukelele, rimu ikaniponyoka, ikaviringika mpaka mtaroni.

"Kuna nini?" mzee kasimama.
"Mwenetu kashinda, mzee!"
"Wa Coastal Union?"

Bibie wa Chumbageni

Hahaha, Fundi, usimcheke mzee, ana haki yake. Mie huyo Girmay nilimjua mapema, mwaka 2022 kwenye Giro d'Italia, mbio kama hizo za kuzunguka Italia. Tarehe 17 Mei, hatua ya kumi, mji unaitwa Jesi. Alikwenda bega kwa bega na Mathieu van der Poel mpaka yule Mholanzi akakubali, akamnyooshea dole gumba. Sasa jukwaani wanampa chupa ya mvinyo wa povu aifungue. Kizibo kikaruka kikampiga jicho la kushoto. Hospitali. Kesho yake hakuanza, Giro yake ikaishia pale.

Nilikuwa jikoni namsimulia mama huku nakuna nazi. Hakugeuka hata. "Si mvinyo huo? Hata kizibo chenyewe hakitaki." Nikacheka, lakini moyo uliniuma sana. Mtu unapanda milima wiki nzima, unakuja kuangushwa na kizibo.

Makorora Damu

Jamani mie sielewi kitu kimoja. Huyo Girmay kashinda Turin, lakini nikasikia jezi ya njano kavaa Carapaz wa Ekuado. Hesabu gani hiyo? Mpira una magoli, basi.

Bibie wa Chumbageni

Kaka, hatua ni mechi ya siku hiyo. Njano ni jumla ya muda wa siku zote. Siku ile Carapaz na Pogačar wa Slovenia walilingana muda, ikabidi zijumlishwe nafasi zao za kumaliza kila siku, Carapaz mwenye jumla ndogo akapata. Girmay yeye alikuwa anatafuta ya kijani, ya pointi, na aliipata: alishinda hatua tatu mwaka ule, akamaliza Nice na kijani chake mwilini. Ukiangalia wiki moja utazoea, wala si ngumu kuliko kuotea.

Mihogo ya Kiomoni

Yangu si ya Girmay. Ni Giro ya 2025, Jumamosi tarehe 31 Mei, siku moja kabla ya mwisho. Del Toro wa Meksiko ana jezi ya waridi, ndiyo njano ya Giro, Carapaz yupo nyuma yake kwa sekunde 43, Simon Yates wa Uingereza wa tatu, dakika moja na sekunde 21. Mlima ni Colle delle Finestre, kilomita 18 na nusu, na karibu nusu yake ya juu ni barabara ya changarawe. Aliyewahi kutoka Mombo kwenda Soni na baiskeli isiyo na gia anaweza kukisia, ila huku kwetu angalau ni lami.

Yates akachomoka. Wale wawili wakabaki wanatazamana. Del Toro anamlinda Carapaz tu, Carapaz naye hataki kumkatia upepo Del Toro bure. Nenda wewe. Hapana, nenda wewe. Huku Yates anayoyoma. Na upande wa pili wa mlima alikuwa anamsubiri mwenzake wa timu, Wout van Aert, aliyetangulia tangu mapema, akakaa mbele yake akamkatia upepo kuelekea Sestriere, mwisho wa hatua. Jioni hiyo waridi ikahamia kwa Yates. Na mlima huo huo ndio uliomvua jezi hiyo hiyo mwaka 2018!

Niliacha sahani ya ubwabwa nikasimama, kwa sababu kisa hicho mie nakijua mwilini. Zamani tulikuwa tunatoa mihogo Kiomoni kuleta soko la Mgandini, matenga mawili kwenye keria. Msimu wa kusi upepo unakuja usoni njia nzima. Siku moja tulikuwa watatu, mnunuzi sokoni ni mmoja na tunajua anachukua mzigo wa kwanza. Mimi na mwenzangu tukanuniana: kila mmoja anataka kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzie. Tukapunguza mwendo mpaka ilibaki kidogo tuweke miguu chini. Yule wa tatu, kijana mdogo, baiskeli yake pedali moja imebaki chuma tu, akatupita anapiga mluzi. Tulipofika sokoni amekaa juu ya matenga matupu anakula muwa. Ile jioni nilikuwa namwambia Del Toro kwa sauti, "Nenda baba, nenda!" Mke wangu akadhani naongea na simu.

Utingo Mstaafu

Nyie mnaangalia kwenye simu, mie nimeona kwa macho. Septemba 2025 nilisindikiza mzigo mpaka Kigali, nikakuta Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Barabara zimefungwa, gari haliendi popote. Siku ya wanaume, Jumapili tarehe 28, nikajipandia kwa miguu mpaka Kimihurura, kwenye kile kipando cha mawe. Watu juu ya mabati, watu kwenye miti.

Pogačar kapita peke yake, mdomo kaufunga, kama mtu anayewahi dukani. Baadaye Evenepoel wa Ubelgiji, aliyekuwa ameshabadilisha baiskeli njiani, uso una hasira. Lakini nilichobaki nacho mie ni wale wa nyuma kabisa. Ukiwa karibu unasikia mnyororo unavyolia kwenye mawe, unasikia mtu anavyohema. Mmoja alipita karibu nimguse, chumvi ya jasho imekauka mgongoni kama ramani. Watu wanamshangilia kuliko wa kwanza. Kilomita 267 na ushei, waliomaliza ni 30 tu. Huyo sidhani kama alifika.

Makorora Damu

Sawa, nimesoma yote. Tour ijayo naangalia hatua moja. Moja tu. Ila Fundi hujamaliza, rimu ya mzee iliishaje?

Fundi wa Barabara ya Nane

Ilitoka mtaroni mbaya kuliko ilivyoingia. Nilimtafutia nyingine iliyotumika, hela yake sikuigusa.

Sasa sikia. Mwaka uliofuata, Julai 2025, Tour inaanza Lille. Jumamosi jioni namwona mzee huyo anakuja na Phoenix yake, haina kasoro hata moja. Akavuta kigoda, akatoa noti ya elfu moja. "Weka bando kwanza." Tukaangalia mpaka mwisho, wote wawili. Girmay akawa wa pili, nyuma ya Philipsen. Nikamweleza mzee kuwa wa pili Tour si haba. Hakukubali. Mpaka leo anasema refa alichezesha.