Tupeane uzoefu: kufunga injini ya zamani iliyofanyiwa ovahoo kwenye pikapu ya kisasa

Mwanzilishi wa mada, Njombe

Wakuu, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale waliong'oa injini inayoendeshwa na kontroboksi (kompyuta ya gari) na kuweka ya zamani. Nianze na wangu. Nilikuwa na Toyota Hilux Vigo yenye injini ya dizeli ya D-4D, yaani 1KD, ambayo nozeli zake za kunyunyizia mafuta ziliharibiwa na dizeli yenye maji, na bei ya nozeli nne pamoja na pampu ikanishinda. Nikapata 5L, injini ya dizeli ya zamani isiyo na kontroboksi, iliyofanyiwa ovahoo, yaani kufunguliwa na kukarabatiwa ndani. Kwa ukubwa zinakaribiana mno, kwa kuwa 1KD ina sentimita za ujazo 2,982 na 5L ina 2,986, lakini ya kwanza ina tabo ya kusukumia hewa ndani na nguvu za farasi zipatazo 163, ilhali ya pili haifiki 100. Mlima niliokuwa nikiupanda na viazi kwa gia ya tatu, sasa naupanda kwa gia ya pili, tena bila haraka.

Injini yenyewe ilikaa mahali pake kwa siku moja. Kilichotuweka gereji wiki tatu ni pedali ya mafuta, ambayo kwenye Vigo haina kebo bali hupeleka ishara ya umeme kwenye kontroboksi, wakati pampu ya 5L niliyoinunua inasubiri kuvutwa kwa kebo. Ilibidi tutafute pedali ya Hilux ya zamani, tutoboe bodi na kuichomea upya. Gari lilipoanza kutembea, breki zikawa ngumu kama jiwe. Pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa) inayosaidia breki kwenye injini ya 5L hukaa nyuma ya alternata, kifaa cha kuchaji betri, na fundi alikuwa amefunga alternata isiyo nayo. Jambo hilo nililigundua nikiwa mteremkoni, nikasimama kwa gia na hendibreki, kisha tukaweka alternata yenye pampu hiyo. Mpaka leo mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi haujanyanyuka. Kuna aliyeutatua?

Mchangiaji, Mombasa

Pole sana, ndugu. Yangu ilikuwa ya petroli: Hilux yenye injini ya 2RZ ya injekta, nikaweka 22R, injini ya zamani ya kabureta, ambayo silinda zake zilichongwa na kuwekewa pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko za awali kwa nusu milimita. Iliwaka kwa mara ya kwanza tulipoijaribu, tukafurahi, na baada ya dakika chache petroli ikaanza kumwagika juu ya manifoldi iliyokwisha kupata moto. Tulizima upesi. Sababu ni kwamba pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi la gari la injekta husukuma mafuta kwa shinikizo la takriban mara kumi ya lile ambalo sindano ya kabureta inaweza kulizuia. Fundi wa kwanza alitaka kubana paipu kwa klipu ili mafuta yapungue, nikamkatalia. Wa pili aliitoa pampu ile tangini, akaweka paipu tupu, na kuiacha 22R ivute kwa pampu yake yenyewe iliyopo kwenye silinda hedi. Ni mwaka wa tatu sasa na haijavuja tena.

Mchangiaji, Dodoma

Msisahau kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Mimi nilichelewa kuibadilisha, na mnunuzi wa kwanza aliondoka alipolinganisha kadi na injini.

Fundi, Mbeya

Ndugu zangu, mimi nafunga injini hizi. Wengi huridhika na rangi mpya na gasketi mpya, wakaita ovahoo. Mwulize muuzaji silinda zimechongwa hadi saizi gani na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) imesagwa kiasi gani, na kama hajui, jueni kwamba hakuna kilichopimwa. Kwenye injini za familia ya L, kama hiyo 5L, mimi siifungi hedi (sehemu ya juu yenye valvu) kabla ya kuipeleka ipimwe kwa shinikizo, kwa kuwa hupasuka kati ya valvu na ufa wake hauonekani kwa macho mpaka gari lianze kurudisha maji. Nilishawahi kuiruka hatua hiyo ili kumridhisha mteja mwenye haraka, nikaifungua injini ile ile mara mbili kwa gharama yangu.

Kaka wa Njombe, mshale huo hautanyanyuka kwa sababu ulikuwa ukisomeshwa na kontroboksi. Funga geji ya pembeni inayopokea ishara kutoka kwenye tundu la alternata lenye herufi W. Na kwa kuwa umeshapata alternata yenye pampu ya vakyumu, kagua paipu yake ya oili inayoingia na ile inayorudi. Ikikosa oili, pampu hufa na breki zitakuwa ngumu tena kama mwanzo.

Mwanzilishi wa mada, Njombe

Asante, fundi. Nimetoka kuchungulia: herufi W ipo, na paipu ya kurudisha oili imelowa kwenye maungio. Gari halitoki hapa mpaka ibadilishwe.