Tupeane uzoefu: uko peke yako jukwaani, wimbo ni mpya, na mambo yakagoma

Nyuzi Sita
Wakuu habari. Juzi usiku nimekutana tena na ile video ya Tracy Chapman pale Wembley, 11 Juni 1988, shoo ya Mandela kutimiza miaka 70. Wengi stori yake mnaijua, alikuwa ameshaimba mchana kashuka zake, jioni Stevie Wonder akashindwa kupanda maana diski ya mitambo yake ya kinanda imepotea, ndo akarudishwa dada wa watu na gitaa lake kuziba pengo, uwanja mzima unamtazama. Nikakumbuka siku yangu. Watu hawafiki hata arobaini, natambulisha wimbo mpya, kapo (kile kibanio cha shingoni mwa gitaa kinachopandisha sauti) nimeibana freti ya nne badala ya pili na wala sikushtuka, ubeti ukaenda vizuri tu, kufika kiitikio sauti ikapasuka kama jogoo anayejifunza kuwika. Ukiwa na bendi unamgeukia mpiga besi unamkazia macho kama kosa ni lake, mi nilimgeukia nani? Uzi ni wetu sisi tunaotunga wenyewe na kupanda wenyewe. Mwageni.

Kibwagizo
Hapo kwa mpiga besi umenimaliza 😂😂

Chumba cha Nyuma
Afadhali yako mkuu. Mimi ilikuwa siku ya kuachia EP (albamu fupi), nimealika ndugu, wafanyakazi wenzangu, hadi bosi. Usiku wa kuamkia nilifanya mazoezi nikapitiwa na usingizi, waya nimeuacha umechomekwa kwenye gitaa. Asiyejua ajue leo, gitaa lenye pikapu (kinasa sauti cha ndani) ya betri linawaka pale unapochomeka waya, kwa hiyo ile betri ya volti 9 ilikuwa inaliwa usiku kucha mimi nakoroma. Wimbo wa tatu sauti ikaanza kukwaruza kama redio inayotafuta stesheni, mara kimya. Namtafuta fundi mitambo namwona mgongo tu, katoka nje na simu sikioni. Nikachomoa waya, nikashusha stendi ya maiki mpaka katikati ya kidevu na tundu la gitaa ili ishike vyote viwili, nyimbo nne zilizobaki nikaimba nimeinama na moneta (spika ya jukwaani ya kujisikia mwenyewe) inapiga mluzi kila nikisogea. Video ipo, naonekana kama kuku anakunywa maji. Bosi mpaka leo ananiigiza ofisini.

Fundi Mitambo
Msitusingizie. Mnafika mmechelewa, saundicheki mnapiga kodi mbili za gitaa mnasema "iko poa", likizima lawama kwa fundi. Betri mpya kila shoo na nyingine ya akiba mfukoni. Na maiki ikipiga mluzi usiizibe kwa kiganja, ndo unazidi kuichochea.

Sauti Kavu
Dawa ni kutochomeka kabisa. Maiki mbili, moja mdomoni moja kwenye gitaa, basi.

Fundi Mitambo
Kwenye ukumbi wa watu wanaopiga soga? Haya mkuu.

Dada Mtunzi
Mimi natumia pedali ya luupu, narekodi gitaa palepale linajirudia halafu naimba juu yake. Siku hiyo natambulisha wimbo wa huzuni kweli kweli, maiki nayo nimeipitisha kwenye luupu, bado narekodi duru ya kwanza nikapiga chafya. Kila baada ya baa nne za wimbo, chafya. Nilishindwa kuizima maana nikizima na gitaa linaondoka. Kufika ubeti wa pili ukumbi wote unaisubiri kwa makofi.

Sauti Kavu
Adhabu hiyo. Luupu si laivu, ni karaoke ya kujirekodi mwenyewe.

Dada Mtunzi
Kaka, karaoke unawekewa, luupu naipiga mbele ya macho yako na nikikosea mnanisikia wimbo mzima. Wewe umewahi kujaribu au unaongea tu?

Sauti Kavu
Sijajaribu na sitajaribu.

Mpiga Peke
Mmenitonesha kidonda. Nilikuwa na wimbo naupiga laivu karibu mwaka mzima bila kuutoa, nasema acha uive kwanza, hela ya studio sina, ukitoka utoke na albamu. Nikiimba naona watu wanarekodi kwa simu nafurahi, najiona staa. Asubuhi moja rafiki kanitumia linki, "hongera hatimaye umeutoa". Nafungua, sauti si yangu. Melodi ileile, ubeti wa pili wote upo. Kuna neno nilikuwa nalikosea kila nikipanda na sikuwahi kulirekebisha, na yeye kaliimba hivyohivyo na kosa lake. Pale ndo nilikaa chini.

Kibwagizo
Weee! Mlikuwa mnajuana?

Mpiga Peke
Tulipanda jukwaa moja mara mbili. Ule wimbo aliusifia sana.

Chumba cha Nyuma
Pole aisee. Ndo maana mimi nikitunga najitumia maneno kwa posta na bahasha siifungui, muhuri unabaki na tarehe.

Nyuzi Sita
Bahasha ni stori za mtaani, unaweza kujitumia ikiwa wazi ukaja kuifunga baadaye. Haki ni yako tangu ulivyouandika au kuurekodi, Mkataba wa Berne wa hakimiliki wa tangu 1886 haudai usajili.

Fundi Mitambo
Haudai, ila kesi ni kitu kingine. Marekani kazi ya kwao kuomba usajili tu haitoshi, lazima ofisi ya hakimiliki iwe imeshaisajili au imekataa ndo ufungue kesi.

Kibwagizo
Si achukue tu ISRC?

Fundi Mitambo
ISRC ni namba ya kuitambua rekodi, herufi na tarakimu 12. Haisemi nani katunga.

Dada Mtunzi
Mpiga Peke tafuta rekodi za zamani za simu yako, hata zile unazoguna tu bila maneno, zina tarehe. Na wale waliokurekodi ukumbini uliokuwa unawafurahia, sasa ndo mashahidi wako.

Wimbo wa Kwanza
Samahani natoka kidogo nje ya mada. Wimbo wangu umetoka Ijumaa ila umeingia kwenye ukurasa wa msanii mwingine tunayefanana jina. Yeye anaimba injili, wangu ni wa kuachwa. Mashabiki wake wananiombea.

Chumba cha Nyuma
😂😂 Pokea maombi. Mwandikie msambazaji wako, yule aliyekupandishia wimbo mtandaoni, auhamishe. Siku nyingine pandisha wimbo wiki tatu nne kabla, kwanza Spotify ukitaka wahariri wao wausikilize wanashauri uuwasilishe angalau siku 7 kabla haujatoka. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 hawaulipi, kwa hiyo shangazi aendelee kurudia.

Sauti Kavu
Mi nasema toa leo leo, ukisubiri uive yatakukuta ya Mpiga Peke.

Nyuzi Sita
Mpiga Peke, ule wimbo bado unauimba?

Mpiga Peke
Nauimba. Mwezi uliopita nimeshuka jukwaani jamaa kanifuata kanipa mkono, "umeukava vizuri, umekaribia kabisa orijino".

Kibwagizo
Dah.

Sauti Kavu
Dada Mtunzi, hiyo video ya chafya iko wapi?