USDT zimegoma kutoka kwenye pochi, inaandika "Out of Energy"

mgeni_wa_tron:
Wakuu salaam. Nina USDT 412 (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kwenye pochi ya simu, mtandao wa Tron (TRC20). Maneno 12 ya siri ninayo, salio linaonekana. Kulikuwa na TRX 4 (sarafu ya Tron yenyewe) za ada. Nimetuma USDT zote kwenda anwani yangu ya sokoni (soko la mtandaoni la sarafu za kidijitali) ili niziuze P2P, yaani mtu kwa mtu, muamala ukaandika "Out of Energy". USDT zimebaki palepale ila TRX zote 4 zimekwenda. Niongeze TRX nijaribu tena? Ngapi? Kuna jamaa pia kanifuata inboksi, anasema ana programu ya kufungua pochi kwa asilimia 10.

Nanga:
Mkuu, huyo wa inboksi mpuuze. Pochi yako haijafungwa, sasa atafungua nini? Anatafuta hayo maneno 12. USDT hazikai ndani ya simu, zimeandikwa kwenye mkataba wa USDT (programu inayotunza masalio) ulioko kwenye mtandao wa Tron. Simu imebeba funguo tu.

Kilichokukuta ni hesabu. Kuhamisha USDT ni kuuendesha ule mkataba, na mkataba unakula nishati (hiyo "Energy", kipimo cha kazi inayofanywa na mtandao). Ukiwa huna nishati, mtandao unachoma TRX zako badala yake. Bei ya nishati moja ilikuwa sun 420, ikashuka hadi 210, na Agosti 2025 ikashushwa tena hadi 100 (TRX 1 ni sun milioni moja). Kwa bei hiyo:

- Mpokeaji ana USDT tayari: nishati kama 65,000, yaani TRX 6.5.
- Salio la mpokeaji ni sifuri: nishati kama 131,000, yaani TRX 13.1.

Tofauti inatokana na mkataba kulazimika kufungua nafasi mpya ya kuandika salio la mpokeaji. Hapa ndipo wengi wanaponasa, maana anwani ya sokoni karibu kila mara ni sifuri. Soko likishapokea hela yako huwa linaihamishia kwenye ghala lake, hivyo hata kama uliwahi kutuma pale, hesabia ile bei kubwa.

TRX 4 zilikupa nishati 40,000. Mkataba ukaanza kazi, ukaishiwa katikati, USDT zikarudi zilipokuwa. Mafuta yaliyokwishaungua hayarudi tangini.

Juu ya hapo kuna kipimo data (bandwidth, yaani ukubwa wa muamala), takriban baiti 345 kwa muamala. Kila anwani hupewa 600 bure kwa siku, kwa hiyo muamala mmoja unapita bila malipo. Wa pili siku hiyohiyo utakatwa TRX 0.345.

kasa_mzee:
Naafiki hesabu ya Nanga, ila hata TRX moja usiiweke kabla hujaikagua anwani yako. Fungua Tronscan (tovuti ya kutazama anwani na miamala ya Tron), bandika anwani yako (inaanza na T, herufi 34), kisha angalia mambo matatu.

La kwanza ni ruhusa, sehemu ya "Permissions". Pochi salama ina "Owner" ambayo ni anwani yako mwenyewe, na kizingiti (jumla ya uzito wa sahihi unaotakiwa) 1. Ukikuta anwani ya mtu mwingine, au kizingiti 2 wakati uzito wako ni 1, basi sahihi yako peke yake haitoshi na TRX utakazoongeza zitakaa humo. Huu ni mtego wa siku nyingi: mtu anamwaga hadharani maneno 12 ya pochi yenye USDT, anajifanya hajui kuitumia. Wewe kwa tamaa unatia TRX za ada, kumbe ruhusa alishazihamishia kwake. Kubadilisha ruhusa kunagharimu TRX 100, na wezi wanazilipa bila kusita, kwa hiyo ujue biashara yao inalipa.

La pili, je, hizo ni USDT za kweli? Bofya tokeni na ulinganishe mkataba: TR7NHqjekQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t. Linganisha herufi zote, si za mwanzo na mwisho tu. Jina na nembo yeyote anaweza kunakili.

La tatu ni orodha nyeusi. Tether, kampuni inayotoa USDT, wana uwezo wa kuifungia anwani ndani ya mkataba wenyewe. Kwenye ukurasa wa mkataba huo, upande wa kusoma, tafuta isBlackListed na uweke anwani yako. Ikijibu "false" uko huru. Ikijibu "true", ada si tatizo lako tena, utazungumza na Tether.

mgeni_wa_tron:
Nimekagua. Owner ni mimi, kizingiti 1, mkataba ndio huohuo, jibu ni false. Sasa ninunue TRX ngapi? Na huko kukodi nishati kukoje?

Nanga:
Ukituma zote kwa mkupuo, hakikisha zimefika pochini TRX 15. Ukitaka kujaribu na USDT chache kwanza, weka 28, kwa sababu ada haitazami kiasi: USDT 2 na USDT 410 zinalipiwa sawasawa. Jaribio la kwanza litakula 13.1. La pili litashuka hadi 6.5 ukiwahi kabla soko halijazoa zile za mwanzo, ukichelewa ni 13.1 tena. Zinunue sokoni, uzitoe kwa mtandao wa Tron, si mwingine.

Kukodi kunapunguza gharama: unalipa TRX chache, mwenye nishati anaikabidhi kwa anwani yako kwa muda mfupi, mara nyingi saa moja. Kodi 131,000, si 65,000. Mkodishaji anahitaji anwani yako tu. Akitaka maneno ya siri, au akikuomba uunganishe pochi na kuidhinisha USDT (yaani kumruhusu azitoe), funga ukurasa. Kuweka TRX dhamana ili upate nishati yako mwenyewe hakufai kwa muamala mmoja: zinahitajika maelfu, na kuzitoa unasubiri siku 14.

kasa_mzee:
Na uikague tena anwani ya mpokeaji kwa kuinakili upya kutoka sokoni, si kwenye historia ya miamala. Kuna watu hutuma vijisenti kutoka anwani inayofanana na ya mpokeaji wako mwanzo na mwisho, wakingoja unakili ya kwao.

mgeni_wa_tron:
Nimeweka TRX 15, nimetuma 412 zote. Nishati iliyotumika 130,285, TRX zilizochomwa 13.03. Zimeingia sokoni. Asanteni wakuu, na yule wa inboksi sasa anadai asilimia 5.