Naomba ushauri: kupima homoni za vyura bila kuwatoa damu

Wakubwa shikamooni. Niko Tukuyu, najiandaa kufanya utafiti wa vyura wa Mlima Rungwe. Nataka kujua kama wanaoishi karibu na mashamba ya chai wana msongo kuliko wa msituni, ila roho hainipi kumchoma sindano kiumbe wa gramu mbili tatu.

Njia niliyochagua: chura anakaa kwenye chombo cha maji safi saa moja hivi, kotikosteroni (homoni inayopanda kiumbe akiwa na msongo) inatoka kupitia ngozi na mkojo, maji yanapelekwa maabara, yeye anarudishwa alipotoka.

Kinachonikwamisha ni umbali. Maabara iko mbali na umeme wa kugandisha sampuli huku unakatika ovyo. Nikipitisha maji kwenye katriji ya kunasa homoni palepale mtoni, zitastahimili safari ya basi ndani ya deli la barafu? Halafu kule kumkamata tu kunapandisha homoni. Mnatenganishaje msongo huo na ule wa mazingira?

Chura wa Kihansi, yule mdogo wa maporomoko ya Kihansi hapa Tanzania, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009. Hawa wa kwetu nataka tuwajue wangali wengi. Aliyewahi kufanya, hata kwa samaki, naomba anielekeze.