Kusadikika: wazo tamu, mbona safari zinachosha?

Swali: Wakuu, nchi inayoelea angani, kwenye Kusadikika, kitabu cha 1951! Wazo kubwa sana. Lakini ukifika katikati unaanza kuruka kurasa. Shaaban Robert alikosea wapi?

Jibu: Safari sita, mshono mmoja. Mjumbe anatumwa, anataabika njiani, anaona mambo mema ya kuiga, anarudi nayo, anatupwa gerezani. Ukishasoma ya mjumbe Buruhani, mwisho wa mwenzake Fadhili unaujua. Tena zote anazisimulia Karama akijitetea mahakamani kama mshtakiwa, kwa hiyo hatari ya njiani imeshapoa.

Jibu: Mimi kinachoniuma ni anga. Mtu akiteleza ukingoni anaangukia wapi? Ukitoa safari za mbinguni na ardhini, ihamishie nchi hiyo bara na mashtaka ya Majivuno, waziri anayemshtaki Karama, hayabadiliki.

Jibu: Tumtendee haki, ndugu zangu. Masimulizi ya Karama ni utetezi, na kila mjumbe ni ushahidi. Marudio ndiyo hoja yenyewe. Ila anayeandika fantasia leo asiige mpangilio huo. Safari mbili zipe kurasa nyingi, nne zipite kwa aya moja moja, na mjumbe mmoja asirudi kabisa.