Mnaopendekeza migahawa ya Unguja, mnawapotosha watu

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira. Kila anayeuliza ale wapi akifika Unguja hutajiwa majina yale yale ya migahawa inayotazama bahari, na wanaoyataja husifia machweo, viti na picha walizopiga, lakini chakula chenyewe hawakisemi. Mwezi uliopita niliwaamini. Niliwapeleka wakwe zangu kutoka Dodoma, waliovuka bahari kwa mara ya kwanza, kwenye mgahawa mmoja wa Mji Mkongwe uliosifiwa sana, nikiwa nimewaahidi pweza wa nazi.

Pweza aliletwa hatafuniki, ndani ya tui lililokatika, mafuta juu na maji chini. Mpishi anayeijua kazi yake huchemsha pweza hadi alainike, akamwachia tui jepesi limwingie, kisha tui zito hulitia mwishoni kwa moto mdogo huku akilikoroga bila kupumzika. Mama mkwe, ambaye kwa staha yake hawezi kulalamika ugenini, aliisogeza sahani pembeni akaomba chai. Samaki naye aliandikiwa kwamba bei yake hutegemea uzito, lakini hakupimwa mbele yetu, na bili ilipoletwa, tena kwa dola ilhali mezani tulikuwa Watanzania watupu, mhudumu hakuweza kutueleza alikuwa kilo ngapi.

Tena mnaandika kwamba samaki wa siku hiyo hiyo wapo mwaka mzima. Aliyekulia pwani anajua kuwa upepo wa kusi ukikaza vyombo vidogo haviendi mbali, na sokoni samaki huadimika na kupanda bei. Mgahawa ambao hauishiwi na samaki hata siku moja una friza kubwa, basi.

Kinachoniuma zaidi ni wale mnaowaacha: muuza urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja, anayeuchanganya ukwaju na embe mbichi kwa kipimo chake, akina mama wa boko-boko (ngano iliyopikwa na nyama hadi ikapondeka), na wanaooka mkate wa mofa, ambao wenyeji huwapangia foleni kila siku.

Anayependekeza mgahawa aseme alikula nini, mwezi gani, alilipa shilingi ngapi, na kama alilipa mwenyewe au alialikwa na mwenye mgahawa. Nawauliza mliousifia ule wa Mji Mkongwe, na nasubiri jibu: pweza mlimla, au mlipiga picha ya bahari mkaondoka?